Barua ya Wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: Masomo ya Mtoto Yasingojee Kitambulisho cha Babu Yake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Usalama wa Ndani na Utawala wa Kitaifa,
Jumba la Harambee,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

MINT: KUPIGWA MSASA KWA VIJANA WA JAMII ZILIZOTENGWA, NA HAKI YAO YA ELIMU

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, mzaliwa wa Kibra, Mnubi kwa baba na kwa mama, yaani wa uzao wa askari ambao Waingereza waliwaweka Kibra wakati wa ukoloni. Ninakuandikia hadharani kwa kuwa barua za faraghani hazikunifikisha popote. Ofisi ya usajili ilinituma kwa chifu, chifu akanituma kwa wazee wa kamati, wazee wakasema faili limekwenda makao makuu, na huko makao makuu nikaambiwa nisubiri. Wanafunzi wangu hawana nafasi ya kusubiri. Chuo kikuu kina tarehe yake ya kufunguliwa, na maombi ya mkopo yana siku yake ya kufungwa.

Jambo lenyewe ni hili. Kijana wa Kenya akifikisha miaka 18 huenda kuomba kitambulisho akiwa na cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Wengi huchukuliwa alama za vidole, hupigwa picha, kisha wakaambiwa warudi baadaye. Lakini akiwa na jina la Kinubi au la Kisomali, karatasi zile zile hazitoshi. Ataambiwa ni lazima apigwe msasa, yaani uraia wake uchunguzwe na kamati. Alete kitambulisho cha babu. Alete kiapo chenye muhuri wa wakili. Alete barua ya chifu na wazee wa kumshuhudia, halafu angoje siku ambayo kamati itaamua kukutana. Jirani yake waliyezaliwa hospitali moja na kusoma darasa moja haulizwi lolote kati ya hayo.

Nimeona wazee wa Kibra wakichakura masanduku kutafuta karatasi za kuachishwa jeshi za baba zao waliotumika katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ili mjukuu akubaliwe kuwa Mkenya. Karatasi yenyewe imekunjwa mara nyingi mpaka imekatika kwenye mikunjo, wino umefifia, na karani mwenye umri wa kuwa mjukuu wa mzee huyo anaigeuza juu na chini na kuuliza kama kuna nyingine.

Mheshimiwa, nakuomba usome malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Kuna masharti mawili ya uraia katika nchi yenye Katiba moja

Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa iwapo siku alipozaliwa mama au baba yake alikuwa raia. Mzazi mmoja anatosha. Babu hatajwi. Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya kupata hati za utambulisho ambazo serikali huwapa raia wake. Kifungu cha 27 kinaikataza serikali kumbagua mtu, waziwazi au kwa njia ya kuzunguka, kwa misingi ya rangi, kabila, dini au asili.

Sasa niambie, Mheshimiwa, ni kifungu kipi kinachosema kwamba baba mwenye kitambulisho cha Kenya anatosha kumpa mwanawe uraia akiwa wa jamii fulani, ila akiwa Mnubi inabidi na baba wa baba afufuliwe? Nimekitafuta na sijakipata.

Ofisi zako hutegemea Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, ambayo inamruhusu msajili kudai ushahidi zaidi anapokuwa na shaka. Ruhusa hiyo nimeisoma. Inahusu shaka juu ya maelezo ya mtu mmoja aliyesimama mbele ya msajili. Haikumruhusu mtu yeyote kuitilia shaka jamii nzima kabla hata haijafika dirishani.

2. Bila kitambulisho, masomo yanasimama

Hapa ndipo ualimu wangu unaponilazimu kusema, kwa sababu watu wengi hudhani kitambulisho ni habari ya kupiga kura na kupita kwenye vizuizi vya polisi.

Nilimfundisha binti mmoja Kemia kuanzia kidato cha pili. Alipata alama ya B+ katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili, na akapangiwa kozi ya uuguzi katika chuo kikuu cha umma. Tuliketi naye katika chumba cha walimu mbele ya kompyuta tumwombee mkopo wa masomo. Tukajaza jina. Tukajaza nambari ya mtihani, shule, mwaka. Tulipofika kwenye nambari ya kitambulisho, fomu ikagoma. Kisanduku kile ni cha lazima. Ukikiacha wazi, ukurasa unaofuata haufunguki. Alikuwa na miaka 18 na miezi kadhaa, cheti chake cha kuzaliwa kiko mezani, na vitambulisho vya wazazi wote wawili viko mezani. Kamati ilikuwa haijakutana.

Tulijaribu kutafuta njia nyingine tukakuta zote zinarudi pale pale. Akaunti ya benki inataka kitambulisho. Laini ya simu ya kupokelea pesa husajiliwa kwa kitambulisho. Basari nazo zinataka nakala. Binti akaahirisha mwaka, na mwaka ule ukawa wa kuuza nguo za mitumba katika soko la Toi. Nikimkuta huko huniambia, "Mwalimu, nitarudi tu." Simjui mtu mwenye bidii kumshinda.

Na tatizo halianzi chuoni. Mzazi aliyenyimwa kitambulisho anapata mtoto. Ofisi ya kuandikisha vizazi inamtaka mzazi aonyeshe kitambulisho, hana, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kinachelewa au hakitoki kabisa. Mtoto anaingia shule bila cheti. Bila cheti, shule haiwezi kumwingiza katika mfumo wa serikali wa kuorodhesha wanafunzi, na asiyekuwemo katika mfumo hapelekewi mgao wa serikali. Mgao uliowekwa kwa mwanafunzi wa shule ya upili ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Kwa hiyo mwalimu mkuu ana mwanafunzi anayekaa darasani, anakula muda wa mwalimu, anatumia maabara, lakini kwa hesabu za Wizara hayupo. Mwalimu mkuu mwenye huruma atamwacha akae. Asiye na huruma, au aliyelemewa na madeni ya shule, atamwambia mzazi alipe mwenyewe. Kisha mtihani wa kitaifa unakaribia, cheti kinadaiwa tena, na mama anaanza kukimbia huku na huko akiwa na bahasha ya karatasi.

Mtoto huyo naye akifika 18 ataulizwa kitambulisho cha babu. Tunaandaa kizazi kingine cha kunyimwa.

3. Ubaguzi huu una historia, na shule zetu bado zinaibeba

Mheshimiwa, wapo watakaosema nachokoza mambo ya kale. Nayataja kwa sababu yako mbele ya macho yangu kila asubuhi ninapokwenda kazini.

Wakati wa ukoloni shule za Kenya zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika, kila kundi na fungu lake la fedha, na mafungu hayo hayakukaribiana. Prince of Wales School ilifunguliwa 1931 na Duke of York School 1949, zote kwa ajili ya wavulana wa Kizungu. Leo ni Nairobi School na Lenana School, shule za kitaifa. Lenana iko kando ya Barabara ya Ngong, mwendo mfupi wa matatu kutoka Kibra. Viwanja, maabara, mabweni na maktaba zilizojengwa kwa ajili ya rangi moja bado zinawafaa wanaoingia pale. Nafurahi kwamba leo mtoto wa Kiafrika anasoma humo. Lakini nani aliyejengewa nini wakati huo upande wa pili wa barabara?

Wanubi walikuwa wamewekwa Kibra na Waingereza tangu 1904, askari na familia zao, na 1918 eneo hilo la ekari 4,197 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Hawakuhesabiwa kuwa wenyeji kama makabila mengine, wala hawakupewa hadhi ya Mzungu au ya Mhindi. Jambo hilo lilikuwa na matokeo ya moja kwa moja darasani. Kuanzia miaka ya 1920 Mabaraza ya Wenyeji yalitoza kodi na kuchangia ujenzi wa shule ndani ya hifadhi za makabila. Asiyekuwa na hifadhi ya kabila hakuwa na baraza lake, na asiyekuwa na baraza hakuwa na wa kumjengea. Shule nyingine nyingi za Waafrika zilikuwa za misheni, na wazazi wetu Waislamu walihofia mtoto aende na jina moja arudi na jingine. Elimu yao ikabaki madrasa na nafasi chache walizozipata kwa kubahatisha.

Kaskazini hali ilikuwa mbaya kuliko hiyo. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa kwa sheria ya kikoloni, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Baada ya uhuru Tume ya Ominde ya 1964, iliyochunguza elimu ya nchi, ilipendekeza shule zisitengwe tena kwa rangi, na hilo likafanyika. Lakini mwaka uliofuata serikali ilitoa Waraka Nambari 10 wa 1965, ambao ulielekeza fedha za maendeleo ziende mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu waliokwisha kupokea maendeleo. Mahali hapo tayari palikuwa na shule. Garissa, Wajir na Mandera zikaambiwa zingoje, tena zikiwa chini ya sheria za hali ya hatari ambazo hazikuondolewa mpaka 1991.

Ukiyasoma haya mfululizo, utaelewa kwa nini siwezi kukubali kwamba kupigwa msasa ni utaratibu wa ofisi tu. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wakenya Wasomali wachunguzwe, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho. Hakuna jamii nyingine iliyotakiwa kubeba kadi mbili ili kuthibitisha kwamba ni ya hapa. Kamati za leo ni mwendelezo wa kadi ile.

4. Watoto walioandikishwa kama wakimbizi

Hili nalieleza kwa ufupi, kwa kuwa wenzangu wa Garissa wanalijua kuliko mimi. Ukame ulipowamaliza mifugo, baadhi ya familia za Wakenya Wasomali ziliingia kambi za Dadaab ambako kulikuwa na chakula, zahanati na shule. Watoto wao wakachukuliwa alama za vidole pamoja na wengine. Leo ni watu wazima, wanaomba kitambulisho, na mfumo unasema wao ni wakimbizi. Mtoto wa miaka mitano hakuamua kuwa mkimbizi. Wazazi wake walimpeleka penye uji na ubao wa kuandikia, kwa sababu serikali yake haikuwa imempelekea uji wala ubao. Kumnyima uraia kwa sababu hiyo ni kumwadhibu kwa kosa la waliomwacha na njaa.

5. Maamuzi yapo, utekelezaji haupo

Tarehe 22 Machi 2011, Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi katika kesi ya watoto wa asili ya Kinubi dhidi ya Kenya. Ulikuwa uamuzi wa kwanza wa kamati hiyo tangu iundwe, na ulituhusu sisi. Iliona kwamba Kenya ilikiuka haki ya watoto hawa ya kuandikishwa na kupata uraia tangu kuzaliwa, na haki yao ya kutobaguliwa. Ikaenda mbele zaidi ikasema, kutokana na hayo, haki yao ya elimu na ya afya pia ilikiukwa, kwa kuwa maeneo wanayoishi yalipata shule chache na fungu dogo la rasilimali kuliko wengine. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikaitaka Kenya iweke vigezo vya uraia vilivyo wazi na visivyobagua. Januari 2020 Mahakama Kuu, katika kesi ya Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumpa kila mtu nambari moja ya utambulisho, ilikiri kwamba wapo Wakenya walio katika hatari ya kuachwa nje kwa kukosa hati.

Mtoto aliyezaliwa mwaka wa uamuzi ule wa 2011 sasa yuko shule ya upili. Baadhi yao niko nao darasani. Sijaona hata waraka mmoja wa serikali uliofika shuleni kwetu ukitaja uamuzi huo.

Mheshimiwa Waziri, nimekuwa nikisikia majibu ya serikali kwa muda mrefu kiasi kwamba nayajua kabla hayajatolewa. Niruhusu niyajibu.

Mtasema ni usalama. Sipuuzi hilo hata kidogo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliokuwa wakitafuta kile kile ninachokidai hapa. Mimi ni mwalimu. Siku ile nililia kama wazazi wao. Lakini mmoja wa washambuliaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, tena mwana wa chifu wa Mandera. Kamati ya wazee isingemzuia. Angeipita asubuhi moja. Anayezuiwa na msasa ni maskini asiye na karatasi za babu wala hela ya kumpa mtu. Mwenye hela haramu hununua njia, na kadiri masharti yanavyozidi kuwa mengi ndivyo njia hiyo inavyozidi kuuzika. Tena jiulize, kijana aliyenyimwa chuo, akiba, kazi na hata laini ya simu yenye jina lake, ni rahisi au ni vigumu kwa mwovu kumshawishi?

Mtasema tamko la Rais limekwisha kulimaliza. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais alitia saini tamko la kuondoa msasa kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Nililipokea kwa furaha na ninamshukuru. Hata hivyo tamko si sheria. Linaweza kufutwa kwa tamko jingine au kusimamishwa na mahakama, na karani asiyelitaka anaweza kuliacha kwenye droo. Zaidi ya hayo lilizungumzia mpaka. Kibra haiko mpakani; iko katikati ya Nairobi, na Wanubi wameishi hapo zaidi ya karne. Nataka haki ya wanafunzi wangu iandikwe katika sheria, mahali ambapo waziri ajaye hawezi kuiondoa kwa kalamu yake.

Mtasema kuchelewa kwa vitambulisho ni kwa Wakenya wote. Ni kweli mitambo huharibika na kadi huisha. Lakini mtambo ukiharibika wote hungoja pamoja, na ukitengenezwa wote huhudumiwa pamoja. Msasa unachagua nani angoje.

Na wapo watakaosema jamii hizi ni ndogo, zinaweza kuvumilia. Oktoba 2016 Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kuidai haki hii, na mwaka uliofuata wakapewa vitambulisho. Baadaye Washona walitambuliwa, kisha Wapemba. Nawapongeza wote. Serikali ilipotaka, iliweza, tena haraka. Lakini je, kila jamii ni lazima itembee mamia ya kilomita hadi lango la Ikulu ndipo watoto wake wasome? Kifungu cha 56 kinaitaka serikali iwape walio wachache na waliotengwa nafasi maalumu katika elimu. Uchache wetu, kwa mujibu wa Katiba, ni sababu ya kuangaliwa kwanza. (Hazina ya Usawazishaji iliyoundwa na Kifungu cha 204 inataja maji, barabara, afya na umeme. Shule hazikutajwa humo, na jambo hilo linanisikitisha kila ninapokisoma. Lakini Kifungu cha 56 kipo, hakingoji hazina hiyo.)

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ninaomba yafuatayo.

Kwanza, peleka Bungeni mswada wa kurekebisha Sura ya 107, useme waziwazi kwamba hati zinazodaiwa kwa mwombaji wa kitambulisho ni zile zile kwa kila Mkenya, na kwamba hakuna kamati itakayoundwa kwa misingi ya kabila, dini au mahali mtu anapoishi. Msajili akiwa na shaka juu ya mtu mmoja, aiandike shaka hiyo. Kifungu cha 47 kinampa mwombaji haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na wanafunzi wangu hawajawahi kupewa. Wao hupewa maneno ya mdomo: rudi wiki ijayo.

Pili, wewe na mwenzako wa Wizara ya Elimu mtoe waraka wa pamoja kwa shule, vyuo na mashirika yote ya umma yanayotoa mikopo na basari, kwamba mwanafunzi asinyimwe usajili, mtihani, nafasi wala fedha kwa kukosa kitambulisho ambacho serikali yenyewe haijampa. Kwa muda huo atumie cheti cha kuzaliwa, nambari ya mtihani wa kitaifa na barua ya mwalimu mkuu aliyemfundisha kwa miaka minne. Kile kisanduku cha lazima kwenye fomu kinaweza kurekebishwa na fundi wa kompyuta kwa siku moja, kama ataagizwa. Hili ndilo ninaloliomba kwa haraka kuliko yote, kwa sababu halihitaji Bunge wala bajeti.

Tatu, mtoto asiye na cheti aingizwe katika mfumo wa elimu kwa jina lake na mgao wake utumwe shuleni wakati cheti kikishughulikiwa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto jina na uraia tangu kuzaliwa, na elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haki hizo mbili zimeandikwa bega kwa bega. Haifai moja itumiwe kuizuia nyingine.

Nne, waliochukuliwa alama za vidole kambini wakiwa watoto waondolewe katika orodha ya wakimbizi kwa utaratibu ulio wazi, wenye muda maalumu na rufaa.

Tano, chapisheni takwimu: waombaji wangapi kila kaunti, wangapi walipata, wangapi walikataliwa na kwa sababu gani, na kila mmoja alingoja muda gani. Kama hakuna ubaguzi, takwimu zitawatetea.

Sita, serikali itangaze ratiba ya kutekeleza uamuzi wa 2011, pamoja na sehemu inayohusu shule. Kibra inahitaji shule za umma za kutosha ndani ya mitaa yake, zenye maabara na walimu walioajiriwa na serikali. Shule nyingi wanamosoma watoto wetu sasa ni za mabati, za kulipia, zinazoendeshwa na watu wa kujitolea. Walimu wale nawaheshimu sana, lakini deni hili si lao.

Ninaomba jibu la maandishi kabla ya maombi ya mikopo ya wanafunzi wapya wa vyuo kufunguliwa mwaka huu. Kama halitapatikana, mimi na wazazi wa wanafunzi wangu tutaitumia haki tuliyopewa na Kifungu cha 22 ya kwenda mahakamani, na tutaambatanisha nakala za barua zote ambazo hazikujibiwa. Tungependelea zaidi kuketi nawe. Niko tayari kuja na orodha ya wanafunzi, kwa idhini yao na ya wazazi wao, ili uone alama walizopata na mahali ambapo kila mmoja amekwama.

Wako kwa heshima na kwa kudai haki,

Mwalimu wa shule ya upili,
Kibra, Nairobi.

Nakala kwa:
Waziri wa Elimu
Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu
Tume ya Utawala wa Haki
Mbunge wa Kibra